UZI: Nani ashike rungu la ithibati ya vyeti vya elimu: TCU, NACTVET, NECTA, au chombo kipya?

Chaki Nyeupe (#1)

Wakuu, hoja ya "tuunganishe TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na ufundi stadi) kiwe chombo kimoja" haizeeki. Huibuka kila msimu wa udahili, watu hurushiana maneno siku tatu, kisha inalala hadi mwakani. Naomba safari hii tuibebe kwa kazi na vifungu vya sheria. Mambo ya taasisi ipi ina ofisi nzuri tuyaache.

Neno "kusimamia" limebebeshwa mizigo ya watu wengi. Nikiifungua ile furushi naona kazi hizi:

- Kusajili chuo: majengo, wahadhiri, maktaba, uongozi, uwezo wa kifedha.
- Kuidhinisha programu, yaani kuipa ithibati: mtaala, krediti, sifa za kuingia, nani anafundisha nini.
- Kupima na kutunuku: kutunga mtihani, kusahihisha, kutoa cheti.
- Kutambua vyeti vya nje na kuvilinganisha na vya kwetu.
- Kumruhusu mhitimu aitwe mhandisi, daktari au mhasibu.

Iko na ya sita isiyopigiwa ngoma, ya kutunza kumbukumbu za kila cheti kilichotolewa. Nitairudia.

Kwa sasa NECTA (Baraza la Mitihani) inatunga mtihani na kutoa cheti cha sekondari, na inalinganisha vyeti vya sekondari vya nje. NACTVET ina ufundi stadi na elimu ya ufundi, yaani ngazi za NVA 1 hadi 3 (ufundi stadi) na NTA 4 hadi 10 (elimu ya ufundi, ambapo 6 ni stashahada na 8 ni shahada). TCU ina vyuo vikuu. Kazi ya tano iko kwa bodi na mabaraza ya taaluma, na idadi yake ukianza kuihesabu chai inapoa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Anayetoa cheti asijipime mwenyewe, na ngazi ya cheti ndiyo iamue mdhibiti ni nani, usiamue ubao ulioandikwa getini. Karibuni mnipinge.

Mzee wa Kanuni (#2)

Umeanza vizuri. Niongeze tulifikaje hapa, kwa sababu hakuna aliyekaa akachora ramani hii mara moja. Kila chombo kilizaliwa kujibu tatizo la wakati wake.

NECTA ilianzishwa kwa Sheria Na. 21 ya 1973, miaka miwili baada ya nchi kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ikaja na Sheria Na. 1 ya 1994. Mwaka 1995 likaundwa Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, kwa kuwa vyuo vikuu binafsi vilikuwa vinaanza na hapakuwa na wa kuvikagua. Mwaka 1997 Sheria Na. 9 ikaunda NACTE, baraza la elimu ya ufundi. Sheria ya Vyuo Vikuu, Na. 7 ya 2005, ikaliondoa lile baraza la 1995 na kuleta TCU. Marekebisho ya 2021 yakaipeleka kazi ya kudhibiti ufundi stadi NACTE, nayo ikaongezewa herufi na kuwa NACTVET.

Hayo ya 2021 yanahusu moja kwa moja hoja ya mleta uzi. Kabla yake VETA ilikuwa na vyuo vyake yenyewe, na wakati huohuo ilisajili na kukagua vyuo binafsi vinavyoshindana navyo kutafuta wanafunzi. Kesi ya ngedere hakimu nyani. Sasa VETA inabaki kufundisha, udhibiti uko kwingine. Kwa hiyo kanuni ya kutenganisha tumeshaikubali katika sheria zetu. Kilichobaki ni kuifikisha kwingine.

Bisibisi (#3)

Tatizo lenyewe hasa liko kwenye shahada. Mpaka wa TCU na NACTVET umechorwa kwa aina ya chuo. Taasisi kama IFM, CBE na TIA (za fedha, biashara na uhasibu) na DIT (ya teknolojia) si vyuo vikuu kisheria, kwa hiyo mdhibiti wao ni NACTVET ingawa wanatoa shahada (NTA 8). Chuo kikuu cha jirani kinatoa shahada ya uhasibu hiyohiyo chini ya TCU. Mwajiri anaona shahada mbili za uhasibu. Sheria inaona ndege wawili wa viota tofauti.

Mfano wa wazi kuliko yote ni Mbeya. Chuo cha ufundi kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, kikawa chuo kikuu (MUST) mwaka 2012. Karakana ni zilezile, mashine ni zilezile, wakufunzi wengi ni walewale. Kilichobadilika ni jina, na pamoja na jina mdhibiti akabadilika. Je, ubora wa programu ulihama siku hiyo? Haukuhama. Kilichohama ni mafaili.

Hesabu zenyewe hazigombani. Pande zote mbili krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, zikihesabiwa darasani, karakana, kujisomea na mitihani. Mwaka ni krediti 120. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani saa 3,600. Tofauti iko kwenye namna mtaala unavyoandikwa. NTA inataka umahiri: kila ngazi ina matokeo yake, kila moduli inaonyesha mwanafunzi ataweza kufanya nini na utamthibitishaje. Chuo kikuu kinaandika matokeo ya kujifunza kwa upana zaidi na kinaachiwa uhuru wa seneti yake.

Ndiyo maana anayesema "unganisha tu" ajue kwamba mitaala ya upande mmoja itabidi iandikwe upya. Hiyo kazi ni ya miaka, hamuimalizi kwa semina.

Dada Ithibati (#4)

Niwaonyeshe mpasuko unavyoonekana dirishani, pale mwenye stashahada anapoomba shahada. Miongozo ya udahili ya TCU haisomi stashahada kwa kipimo kimoja. Inasoma hivi:

Stashahada ya NTA 6: GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0.
FTC ya zamani (cheti cha fundi sanifu): wastani wa C, ambapo A=5, B=4, C=3, D=2.
Stashahada ya ualimu: wastani wa B.
Tuzo za afya kama utabibu: wastani wa B+.
Stashahada isiyo na madaraja: ufaulu wa juu kabisa.
Stashahada yenye madaraja lakini isiyo ya NTA: daraja la pili la juu.

Hizo ni njia sita za kusoma cheti cha ngazi moja. Na kabla ya yote hayo mwombaji awe na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, D kwenda juu, au NVA 3 kwa mwenye pungufu ya hapo.

Kisha kuna AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET. Bila hiyo, mwenye stashahada ya NTA hapenyi kwenye mfumo wa maombi ya shahada. Inakwama wapi? Mara nyingi kwa chuo alikosoma, kwa sababu matokeo hayajapandishwa kwenye mfumo. Pengine jina la cheti cha kidato cha nne halifanani na la stashahada, kwa mfano "Mohamedi" huku na "Mohamed" kule, au jina la kati limeachwa. Mfumo haujui kuwa ni mtu mmoja. Nyingine ni GPA yenyewe. NTA 4 na 5 kipimo cha juu ni 4, NTA 6 ni 5. Mtu anakuja na 3.2 ya NTA 5 akidhani kavuka mstari.

Sasa swali kwa waungaji mkono wa chombo kimoja: hayo yote yatatatuliwa na bango jipya? Jina lisilofanana litaendelea kutofanana.

Kisiki cha Mpingo (#5)

Mimi ni wa chombo kimoja, na sioni haya. Ireland walikuwa na vyombo vinne: cha tuzo za ufundi na elimu endelevu, cha tuzo za elimu ya juu, cha mfumo wa ngazi za kitaifa, na cha ubora wa vyuo vikuu. Novemba 2012 vyote vikawa chombo kimoja, QQI. Ngazi zao 10 zinasimamiwa na mlango mmoja, ukiwa na cheti cha nje unajua pa kwenda.

Kwetu mtu aliyesoma sekondari kwa mtihani wa Cambridge, akachukua stashahada Kenya na shahada India, atapita NECTA, NACTVET na TCU. Madirisha matatu, malipo matatu, safu tatu za kurudufu vyeti. Na asipoanza chini kwenda juu atarudishwa, maana wa juu anataka kuona barua ya wa chini.

Chaki Nyeupe (#6)

Mkuu Kisiki, mfano wako ni mzuri ila umeusimulia nusu. QQI inaidhinisha programu, inakagua ubora wa vyuo, na hapohapo inatunuku vyeti kwa wanafunzi wa vyuo visivyo na mamlaka ya kutunuku. Wameunganisha milango, na mgongano wa maslahi wakauweka sebuleni, kisha wakaujengea kuta za ndani.

Scotland ndiyo imeonja joto la jiwe. SQA, mamlaka yao ya mitihani, ilikuwa inatoa mitihani na vyeti, na idara nyingine humohumo ikiidhinisha na kudhibiti sifa fulani, hasa za ufundi. Baada ya zogo la matokeo ya 2020, pale alama zilipopangwa kwa kukokotoa baada ya mitihani kufutwa, serikali iliagiza mapitio. Ripoti ya Ken Muir ya 2022 ikapendekeza kazi ya kuidhinisha iondolewe mikononi mwa mtoa vyeti. Sheria ya 2025 ikaunda Qualifications Scotland kuchukua nafasi ya SQA, na mjadala mkali ukawa huohuo wa uzi huu: kazi ya kuidhinisha ikae wapi.

England walishalikata mapema. Ofqual, mdhibiti wa mitihani na vyeti aliyeanza rasmi Aprili 2010, haitungi mtihani hata mmoja. Wanaotunga ni wengine, na Ofqual inaweza kuwatoza faini.

Turudi kwetu. Nani anaidhinisha cheti cha NECTA? Mtaala unaandaliwa na TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), mtihani unatungwa na NECTA, cheti kinatoka NECTA, na malalamiko ya alama yanapelekwa NECTA. Sisemi wanafanya vibaya. Nasema hakuna jicho la nje lenye nguvu ya kisheria ya kuuliza kwa nini C ya mwaka huu si C ya mwaka jana. Mnakumbuka 2014 na 2015: kidato cha sita kikapangwa kwa GPA na B+ ikaingia, A=5, B+=4, B=3, C=2, D=1. 2016 tukarudi kwenye A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. Mpaka leo ofisa udahili lazima aangalie kwanza mwaka uliopigwa kwenye cheti ndipo ajumlishe pointi. C ya 2015 ina pointi 2. C ya 2016 ina 3.

Bin Mwanakwerekwe (#7)

Assalaam alaykum. Naona mnajadili kama kwamba nchi ni ya upande mmoja.

Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Baraza la Mitihani nalo limo kwenye orodha ya Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Lakini elimu ya sekondari, msingi na mafunzo ya amali si ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya elimu, na ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iliyoundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya 2006.

Kwa hiyo mkiunda chombo kimoja kinachoshika kuanzia cheti cha fundi uashi hadi uzamivu, mmechanganya kilicho cha Muungano na kisicho cha Muungano katika kapu moja. Njia ni tatu. Kubadili Katiba, ambako kunataka theluthi mbili za wabunge wa kila upande kwa mambo hayo. Kupitisha sheria mbili zinazofanana, moja kila upande. Au kukiacha chombo kiratibu ngazi na kumbukumbu tu, na udhibiti wenyewe ubaki ulipo. Hiyo ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote, ingawa haina mvuto wa kisiasa.

Kisiki cha Mpingo (#8)

Sheikh, hilo sikulipima. Nakubali, chombo kimoja cha kila kitu kina mlima wa kikatiba. Basi nihamie Afrika Kusini.

Kule juu kuna SAQA, mamlaka ya sifa za elimu (yaani vyeti na tuzo), inayotunza mfumo wa ngazi 10. Chini yake kuna mabaraza matatu ya ubora: Umalusi kwa shule na elimu ya watu wazima, CHE kwa elimu ya juu, QCTO kwa sifa za kazi na ufundi. SAQA haikagui darasa. Inasajili sifa, inatunza kanzidata ya kitaifa ya wahitimu, na vyeti vyote vya nje vinatathminiwa hapo. Dirisha moja kwa mwananchi, nyuma ya pazia wataalamu watatu. Sheria yao ni ya 2008.

Bisibisi (#9)

Hapo mkuu tunaelewana. Ila tahadhari moja kuhusu namba za ngazi, kwa sababu watu wanadhani "ngazi ya 7" ni ileile kila mahali.

Tanzania: 7 ni stashahada ya juu, 8 ni shahada.
Kenya: shahada ya kwanza ni 7, uzamili 9, uzamivu 10.
Afrika Kusini: shahada ya kawaida 7.
Mfumo wa elimu ya juu wa Afrika Mashariki ulioratibiwa na IUCEA (baraza la vyuo vikuu la ukanda huu) na kupitishwa 2015: jumla ya ngazi ni 8 tu, shahada iko 6, uzamivu 8.

Mtathmini akilinganisha namba kwa namba, Mkenya mwenye shahada anashushwa kuwa na stashahada ya juu. Linganisha maelezo ya ngazi na saa za kujifunza. Krediti za Ulaya nazo zina mtego wake, kwa kuwa moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka wao ni 60. Ukiona shahada ya krediti 180 usiseme ni nusu ya 360 yetu. Saa zake ni 4,500 na zaidi.

Dada Ithibati (#10)

Na kwenye vyeti vya nje, yanayokwamisha mafaili huwa madogo ajabu. Mhitimu wa China anapewa nyaraka mbili, cheti cha kuhitimu masomo na cheti cha shahada. Wengi wanawasilisha kimoja, faili linalala. Wa India wanaleta cheti cha muda wakati cha kudumu kilishatoka chuoni, au karatasi za alama za mihula sita zikiwa tano. Tafsiri inafanywa na rafiki anayejua lugha, wakati inatakiwa ya mfasiri anayetambulika. Na chuo kinaweza kuwa halali huku tawi alilosoma halina kibali cha nchi lilikojengwa. Hilo la tawi ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu cheti chenyewe ni halisi.

Anayefanya tathmini hiyo anahitaji maktaba ya mifumo ya nchi zote na watu wa kupiga simu. Kuwa na timu tatu za namna hiyo katika ofisi tatu ni ufujaji. Hapo nakubaliana na Kisiki asilimia mia.

Stetoskopu (#11)

Mmeruka bodi za taaluma, na moto mkubwa uko huko.

Mhandisi anamaliza shahada ya programu yenye ithibati. Anaenda ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), anasajiliwa kama mhandisi mhitimu, anafanya mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu, ndipo aombe usajili kamili. Daktari anafanya mwaka wa mazoezi chini ya Baraza la Madaktari. Mhasibu anakutana na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Hizo ni leseni za kazi, hakuna anayezibishia.

Ugomvi unaanza bodi inapotaka kuikagua programu yenyewe: maabara, uwiano wa walimu, mada za mtaala. Kenya walifika mahakamani. Wanafunzi wa uhandisi wa baadhi ya vyuo walimaliza wakakuta bodi ya wahandisi haitambui programu zao, wakati chuo kilikuwa na kibali. Bunge lao likaingiza kifungu cha 5A kwenye Sheria ya Vyuo Vikuu kwa marekebisho ya 2016: tume ya elimu ya vyuo vikuu ndiyo pekee yenye mamlaka hayo, na sheria nyingine ikigongana na hiyo, hiyo inashinda.

Mnadhani iliisha? Kifungu kinaweza kuinyima bodi haki ya kukagua chuo. Kuilazimisha bodi imsajili mhitimu ambaye inaona hajui kazi ni jambo jingine. Ukiifukuza mlangoni inarudi kwa mtihani wake wa kuingia.

Dawa yake ni ukaguzi wa pamoja. Mdhibiti wa elimu na bodi wanaingia siku moja, fomu moja, ripoti moja. Bodi iwe na kura kwenye mambo matatu tu: mada za lazima, vifaa vya lazima, na saa za vitendo. Ada, ratiba na uongozi wa chuo haviihusu. Na ipewe muda, tuseme siku 60. Zikipita bila majibu, ihesabike imekubali. Hicho kipengele cha ukimya kisipokuwepo, faili litazeekea kwa katibu wa bodi.

Mzee wa Kanuni (#12)

Nakazia hoja ya siku 60. Sheria zetu zina ugonjwa wa kusema "kwa kushauriana na" bila kusema mashauriano yanaisha lini na wasipokubaliana inakuwaje.

Jambo jingine ni fedha. Mdhibiti anayeishi kwa ada za maombi ya programu ana sababu ya kupenda programu nyingi. Anayeishi kwa bajeti ya wizara ana sababu ya kumsikiliza waziri. Hakuna chanzo kisafi, lakini unaweza kupunguza sumu. Ada ya maombi ilipwe hata programu ikikataliwa, isirudishwe wala isiongezeke ikikubaliwa. Gharama za wakaguzi zipitie mfuko wa mdhibiti, chuo kisiwape bahasha wala kuwalipia hoteli. Na ripoti ya ukaguzi ichapishwe, pamoja na ya programu iliyokataliwa. Ukichapisha ripoti, upendeleo unapata taabu ya kujificha.

Mwanafunzi wa Jioni (#13)

Wakubwa, shikamooni. Mkondo wa amali wa sekondari ulioanza na mtaala mpya uko upande gani? Shule ni ya wizara, fani ni za ufundi.

Bisibisi (#14)

Marahaba. Swali lako ni pima maji ya mjadala mzima. Masomo ya jumla ni ya sekondari, kwa hiyo NECTA. Fani, mfano uashi au umeme wa majumbani, inafuata viwango vya ufundi stadi, kwa hiyo NACTVET. Mtoto ni mmoja, yuko kwenye dawati moja.

Cha kuangalia ni vitu viwili. Kwanza, anayepima fani. Umahiri wa kufunga nyaya haupimwi kwa karatasi ya saa tatu. Unahitaji mpimaji aliyesimama pembeni na orodha ya hatua: amezima umeme, amepima, amechagua waya wa unene unaofaa, amekaza, amejaribu. Shule yenye wanafunzi 120 wa fani moja na mpimaji mmoja wa nje anayetumia nusu saa kwa kila mtoto ni saa 60, zaidi ya siku saba za kazi. Mwisho wa siku mwalimu wao ndiye atawapima, na anayejua bongo anajua alama zitakavyokuwa. Pili, akifeli upande mmoja, cheti cha upande wa pili kinasimama? Kanuni iseme waziwazi, na mimi ningesema kisimame.

Chaki Nyeupe (#15)

Nakusanya nilichobadilishwa mawazo. Nilikuja nikitaka mpaka wa ngazi tu. Sasa naona mpangilio huu, na mpangilio wa hatua una maana kuliko orodha yenyewe:

Kwanza kumbukumbu. Kila mtu apewe namba moja ya elimu kuanzia mtihani wa darasa la saba, iungane na NIDA atakapofikia umri, na kila cheti kiingie chini ya namba hiyo. Hilo halihitaji chombo kipya. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa 2017, ulioleta majina 9,932 ya waliokutwa na vyeti vya kughushi, uliwezekana kwa sababu NECTA ilikuwa na kumbukumbu zake za kidato cha nne, cha sita na ualimu. Stashahada na shahada zilikuwa zimetawanyika vyuoni. Ukiunganisha ofisi kabla ya kumbukumbu, unapata jengo moja lenye kabati tatu zisizojuana.

Pili dirisha moja la vyeti vya nje, hata likiwa kaunta ya pamoja chini ya makubaliano ya vyombo vitatu. Halihitaji Bunge.

Tatu mpaka kwa ngazi: shahada zote, ziwe za chuo kikuu au taasisi, mdhibiti mmoja, stashahada kushuka chini, mdhibiti mwingine. Hapa ndipo tafsiri za maneno kwenye Sura ya 129 (sheria ya NACTVET) na Sura ya 346 (sheria ya vyuo vikuu) zinaguswa. Mfumo wa umahiri wa NTA 7 na 8 ubaki kama njia halali ya kuandika mtaala. Akibadilika mdhibiti, si lazima DIT ianze kufundisha kama chuo kikuu.

Nne jicho la nje kwa NECTA, dogo, la watu wachache wanaojua takwimu za upimaji, linaloripoti bungeni kuhusu viwango vya alama mwaka kwa mwaka.

Chombo cha uratibu cha mtindo wa SAQA kije mwisho, kirithi vilivyokwisha kufanya kazi.

Kisiki cha Mpingo (#16)

Naafiki, isipokuwa hapo kwenye tatu. DIT na wenzake watakuwa na wadhibiti wawili, mmoja wa stashahada na mwingine wa shahada, ndani ya jengo moja. Si ndiyo kero tuliyoikimbia?

Mzee wa Kanuni (#17)

Ni kero kweli, ila inatibika kwa kutenga kazi ya kwanza na ya pili alizoorodhesha Chaki. Usajili wa chuo uwe mmoja, ufanywe na mdhibiti wa ngazi ya juu kabisa ambayo chuo kinafundisha, na yule mwingine alazimike kuupokea. Majengo, hesabu zilizokaguliwa, mikataba ya wahadhiri: vinakaguliwa mara moja. Ithibati ya programu ndiyo igawanywe kwa ngazi. Bila hivyo chuo kitapiga picha maktaba ileile mara mbili na kulipia mara mbili.

Mwanafunzi wa Jioni (#18)

Na aliye mwaka wa pili siku sheria inabadilika, cheti chake kitatoka kwa nani?

Mzee wa Kanuni (#19)

Hicho ni kifungu cha mpito, na waandishi wa miswada wanapenda kukiandika usiku wa mwisho. Kiwe na mambo manne. Aliyedahiliwa kabla ya tarehe ya kuanza sheria anamaliza kwa mtaala na jina la tuzo la siku aliyodahiliwa. Muda wa kinga uwe urefu wa programu na miaka miwili juu, kwa walioahirisha na wanaorudia mitihani; shahada ya miaka mitatu ipate mitano, ya minne ipate sita. Ithibati iliyokuwa hai ihesabike imetolewa na mdhibiti mpya mpaka muda wake uishe. Na programu iliyokuwa imezuiwa ibaki imezuiwa.

Hilo la nne msilidharau. Julai 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya pamoja na programu 75 za vyuo vingine. Fikiria mabadiliko ya mdhibiti yangeingia mwezi uliofuata bila kipengele hicho. Kila kimojawapo kingebisha hodi kwa mdhibiti mpya kama mwombaji mpya, na faili lake la makosa lingebaki kwenye ofisi iliyofungwa.